Njoo Tuinue

Kila asubuhi ya kazi, saa moja na dakika kumi, Perez Ajwang aliinama juu ya kitanda cha Ba, bibi aliyemhudumia, akampa shingo yake aishike, na nyuma yake marehemu akamwita.

"Perez, njoo tuinue."

Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingi na muda mchache, ikitoka karibu na mlango wa bafu, pale pale Atieno, mhudumu mwenzake, alipozoea kusimama na taulo begani. Siku za kwanza Perez aligeuka kuangalia. Kugeuza kiuno huku umebeba mtu wa kilo sabini na nane ni ujinga, na yeye alikuwa na diploma ya chuo iliyothibitisha kwamba anaujua ujinga huo. Kwa hiyo sasa hakugeuka. Alikaza meno, akahesabu moja, mbili, tatu, akanyoosha magoti.

Bibi alimning'inia shingoni kwa mkono wa kulia, ule mzima. Wa kushoto ulikuwa umelala tangu kiharusi. Chini ya mgongo wa Perez kitu kikasaga, kama kijiwe ndani ya wali. Kisha bibi akatua kwenye kiti cha magurudumu, na Perez akabaki ameinama, mikono magotini, akisubiri mwili wake umpe ruhusa ya kusimama.

"Leo yule iko karibu sana," Ba akasema, akiweka miwani yake sawa.

"Nani, Ba?"

"Wewe najua. Asubuhi mimi hapana taja jina."

Kama Ba angekuwa mzee aliyechanganyikiwa, mambo yangekuwa rahisi. Wazee waliochanganyikiwa humwona kila mtu. Lakini Kanta Laxmidas, aliyeitwa Ba, yaani mama kwa Kigujarati, mjane wa miaka themanini na moja, aliyezaliwa Kisumu na kusimamia duka la vitambaa mjini kwa miaka arobaini, alikuwa na akili kali kuliko mtu yeyote katika nyumba ile ya Milimani. Alimshinda mke wa mwanawe katika karata. Alijua ni chapati ngapi zilizobaki jana. Kiharusi kiligawanya mwili nusu kwa nusu, akili hakikuigusa. Na akili hiyo ilimwona Atieno.

Atieno alizikwa kwao Awasi mwezi wa pili. Sauti ilianza Jumatatu iliyofuata.

Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wahudumu wawili katika chumba hiki, Atieno mchana na Perez usiku. Saa moja asubuhi, wakipokezana zamu, walifanya pamoja ile kazi moja isiyopaswa kufanywa na mtu mmoja: kumtoa Ba kitandani. Kitanda chenyewe kilikuwa adui. Kilikuwa kitanda cha ndoa, mbao nzito za mvule, cha chini kiasi kwamba mhudumu aliinama mpaka pua ikakaribia blanketi. Kile cha hospitali, cha kupandishwa kwa mpini hadi usawa wa kiuno, Ba alikikataa. Alisema ameulalia mvule huo tangu alipoolewa, na hatauhama.

Shuka pia aliikataa. Chuoni walifundishwa jambo moja mpaka likawaingia ndotoni: usimwinue mgonjwa ikiwa unaweza kumtelezesha. Unaweka shuka chini yake, watu wawili wanashika, kila mmoja upande wake, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yamekunjwa. Mnaegemea kwa uzito wa mwili, na mtu anasogea bila mgongo wa yeyote kulalamika. Lakini mume wa Ba alipokuwa anakata roho, wanaume wanne walimshusha kutoka kitanda hiki mpaka sakafuni kwa shuka nyeupe, kama desturi ya nyumba yao ilivyotaka, na Ba alisimama mlangoni akitazama.

"Shuka ni ya kwenda chini," aliwaambia siku ya kwanza kazini. "Mimi bado hapana enda. Nyinyi nipe shingo."

Wakampa shingo. Alikuwa mzee, alikuwa mwenye nyumba, na zaidi ya yote alijua kukumbatia. Hilo chuo hakikuwaambia. Mgonjwa anakukumbatia kama mtoto anayetoka usingizini, unamwonea huruma, na huruma inakusahaulisha kwamba mwili mzima wa mtu mzima unaning'inia kwenye vipingili vichache vya mgongo wako, na vipingili havina huruma na mtu.

Asubuhi Atieno alipoumia, Perez alikuwa amemaliza zamu. Alikuwa ameshavaa viatu vya kwendea nyumbani, ameketi kwenye ngazi za nyuma na kikombe cha chai mkono mmoja, simu mkono mwingine. Sheryl, binti yake, alikuwa na mtihani na alikuwa haoni kitambulisho chake cha shule. Atieno akaita kutoka chumbani: "Perez, njoo tuinue." Perez akajibu, "Nakuja." Sheryl akasema kitambulisho hakiko kwenye begi. Atieno akaita tena. "Nakuja," Perez akasema, akanywa chai. Mara ya tatu hakujibu kabisa, kwa kuwa alikuwa anamwelekeza Sheryl aangalie chini ya godoro. Kisha akasikia kitu kikianguka. Hakikuanguka kwa kishindo. Kilishuka polepole, kama gunia linaloachiliwa na mtu aliyechoka.

Hospitali ilisema kipingili kimehama na kubana mishipa ya fahamu. Kaka yake akamchukua Awasi. Miezi zaidi ya ishirini Atieno hakuketi hata mara moja. Kuketi ndiko kulikomtesa kuliko yote. Alilala ubavu, akalala tumbo, na yeye aliyewageuza wazee wa watu kila baada ya saa mbili kwa miaka kumi na mitano hakuwa na mtu wa kumgeuza. Vidonda vya kulala vikaja. Vidonda ndivyo vilivyommaliza.

Perez alikwenda kumwona mara moja tu. Chumba kilinuka dawa ya kuchua ya mnanaa, ile ambayo Atieno alijipaka tangu zamani. Hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

"Mama Sheryl," alisema, shavu likiwa kwenye mto, "kile kitu nilishakishona. Kiko kwa Ba, pale pale. Siku ile nilitaka tukijaribu wawili."

Perez alidhani ni homa. Akasema sawa, sawa, pumzika, akaangalia saa, kwa sababu pikipiki ilikuwa inamsubiri nje. Hata pale aliondoka mapema.

Tangu Atieno aumie, Perez alikuwa amechukua zamu ya mchana peke yake. Usiku Shreya, mke wa mwana wa Ba, alilala chumba cha pili, na Ba aliwekewa kengele ya shaba karibu na mto. Mwana mwenyewe alishinda Nairobi kwa biashara na alirudi mara moja kwa mwezi, akiuliza kama mama anakula.

*

Jumapili, baada ya kanisa, Perez alijaribu kuinua sufuria ya maharage kutoka kwenye jiko na akashindwa. Sufuria ya maharage tu. Alisimama katika chumba chake cha Manyatta akiitazama kana kwamba imemtukana.

"Mama, unatembea ni kama umemeza rula," Sheryl akasema kutoka mlangoni. Alikuwa na miaka ishirini sasa, mrefu, shingo ndefu kama ya marehemu baba yake, na alikuwa anamaliza mwaka wa kwanza wa kozi ile ile ya uhudumu aliyoisoma mamake.

"Na wewe unaongea ni kama umemeza redio. Shusha hiyo sufuria."

Sheryl akaishusha. Aliikaribia vizuri, akakunja magoti, akaileta kifuani kabla ya kugeuka kwa miguu. Perez aliona yote hayo na akaridhika kimyakimya.

"Madam Shreya alinipigia," Sheryl akasema. "Anataka nianze kuja kuanzia Jumatano, nikusaidie kumbeba Ba. Ati mimi nina mgongo mpya."

"Alisema hivyo?"

"Si alikuwa anacheka. Nimemwambia sawa. Mama, ni kazi, na mimi nahitaji masaa ya kujifunza. Halafu Ba alichukua simu akanisalimia. Anakumbuka ile siku ulinipeleka pale nikiwa darasa la sita. Aliniambia kitu cha kuchekesha."

"Alikuambia nini?"

"Ati nilikuwa na shingo nzuri."

Perez aliketi kwenye kitanda. Ilibidi aketi kwa awamu tatu: mkono kwanza, nyonga, kisha mwili mzima. Aliitazama shingo ya binti yake na akaona mkono wa Ba umeizunguka, mkono ule mwembamba wenye bangili mbili za kioo, ukivuta.

"Hutaenda," alisema.

"Mama, nimeshasema sawa."

"Na mimi nimesema hutaenda. Kesho naongea nao. Ama wanakubali kumtelezesha, ama watafute mtu mwingine, na huyo mtu hatakuwa wewe."

Sheryl alimjua mamake. Alichukua sahani akaanza kupakua.

*

Jumatatu Perez alifika Milimani mapema, ardhi ikiwa bado na maji ya mvua, na akamkuta Shreya jikoni akipanga nyanya na pilipili hoho kwa ajili ya wageni wa saa nne. Hakuzunguka.

"Madam, mgongo wangu unaisha. Kuanzia leo tunatumia shuka na watu wawili, mimi na wewe. La sivyo mimi siwezi. Na Sheryl haji."

Shreya akaweka kisu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba mambo ya chumba kile yana mwenyewe.

"Perez, nimeolewa hapa miaka ishirini na tatu. Sijawahi kumshinda Ba hata kwa rangi ya pazia. Muulize wewe. Akikubali, nitakuja kushika."

Perez akaenda kuuliza. Ba alikuwa macho, nywele zimesukwa, shanga zake za sala mkononi.

"Ba, leo shuka."

"Hapana."

"Nitaumia, Ba."

Macho ya bibi yalihama kutoka kwa Perez yakaenda mlangoni pa bafu, yakabaki huko kidogo, yakarudi. "Leo chelewa. Sala ni saa moja na nusu. Leo shingo, mara moja. Kesho tutaongea."

Perez angeweza kukataa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukataa, na jibu lilikuwa la aibu kwa urahisi wake: alikuwa amezoea. Miguu ilishajipanga, mikono ilishaenda chini ya makwapa ya bibi. Aliinama. Mkono wa Ba ukazunguka shingo.

Akasubiri sauti. Haikuja.

Siku hiyo Atieno hakuita. Chumba kilikuwa kimya mpaka Perez akasikia maji yakidondoka bafuni tone kwa tone. Kisha akasikia harufu ya mnanaa, kali, kama mtu amefungua kichupa chini ya pua yake. Na akahisi viganja viwili, baridi, vikimshika kiunoni kutoka nyuma, pale pale kijiwe kiliposaga kila siku. Havikumsukuma. Vilimkandamiza chini, kama unavyomkandamiza mtoto mkaidi aketi.

"Moja," Perez akasema kwa ukaidi. "Mbili."

Aliinua. Kijiwe hakikusaga. Kilifyatuka.

Maumivu yalimtoka mgongoni yakampiga mpaka kisiginoni, na miguu yake ikawa ya mtu mwingine. Kitu pekee alichoweza kufanya ni kuanguka kuelekea kitandani badala ya kuelekea kwenye kiti. Ba akatua kwa mgongo, amelala mshazari juu ya godoro, kichwa kikielekea mto, nyonga zake ukingoni, miguu ikining'inia nje. Perez akateleza kando ya mbao za mvule mpaka sakafuni, akalala chali, na dari ikawa kila kitu alichokiona.

"Perez," Ba akasema kutoka juu.

"Usitikisike, Ba. Ukitikisika utaniangukia. Piga kengele."

Kengele ya shaba ikalia. Kutoka jikoni mashine ya kusagia ilikuwa inanguruma, nyanya na pilipili. Kengele ikalia tena. Mashine ikanyamaza kidogo.

"Nakuja, Ba!" Shreya akaita. Mashine ikaendelea kunguruma.

Perez alifumba macho. Kwa hivyo hivi ndivyo neno lile linavyosikika ukiwa ndani ya chumba. Kule kwenye ngazi, na chai mkononi, ni neno dogo, zuri, la kiungwana. Hapa ndani ni mlango unaofungwa taratibu usoni kwako.

Juu yake godoro liliguna. Ba alikuwa ameteleza kidogo. Unyayo wake mmoja ulikuwa umeshuka karibu na shavu la Perez.

"Kama siku ile," Ba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yeye pia lala hapo hapo. Kichwa hapo hapo."

"Najua, Ba."

"Hapana, wewe hapana jua. Wewe hapana kuwa hapa." Bangili ziligongana. "Yeye sema, Ba, niachie, niachie shingo, nikuweke chini pole pole. Mimi sikia mgongo wake. Hapa, kwa mkono wangu, nasikia inalia. Mimi ogopa anguka. Mimi hapana achia. Kila siku yeye kuja simama pale mlangoni, mimi nafikiri anataka kuniuliza, Ba, kwa nini wewe hapana achia."

Kwa miezi yote hiyo Perez alidhani marehemu anamwita yeye. Haikuwahi kumjia kwamba katika chumba hicho walikuwa wawili wanaoitwa.

"Piga kengele tena," alisema. "Usiache kupiga."

Ba akapiga. Perez, kwa kukosa pa kutazama, akageuza macho chini ya kitanda. Hapo hakuna anayetazama juu. Msichana wa kufagia hupitisha ufagio na kwenda zake. Lakini aliyelala chali sakafuni anaziona mbao zinazobeba godoro. Na kati ya mbao ya tatu na ya nne kulikuwa na kitu kimechomekwa, kimekunjwa vizuri, ncha yake ikining'inia. Kitambaa. Kijani cha kung'aa, na pindo la dhahabu.

Kile kitu nilishakishona. Kiko kwa Ba, pale pale.

Alinyoosha mkono. Mkono bado ulikuwa wake. Alivuta, na kitambaa kikashuka kwa uzito mwepesi juu ya kifua chake, kikinuka mnanaa. Ilikuwa sari, sari ya nailoni laini, imekatwa na kushonwa kingo kwa kingo mpaka ikawa kama mfuko mpana usio na kichwa wala mkia. Perez aliupitisha mkono ndani. Tabaka la juu likateleza juu ya la chini kama samaki mkononi. Kwenye pande mbili Atieno alikuwa ameshona vishikio, viwili huku na viwili kule, kwa uzi mnene wa gunia, vimeshonwa mara tatu. Vishikio vya watu wawili.

Atieno alikuwa ameshaimaliza. Alikuwa ameichomeka pale na kumwita mwenzake waijaribu.

Mashine ikazimwa. Hatua zikaja. Shreya akaingia akifuta mikono, akasema neno la Kigujarati, akakimbilia kitandani na mikono yake miwili ikaenda moja kwa moja chini ya makwapa ya Ba.

"Usiinue," Perez akasema kutoka sakafuni.

"Anaanguka!"

"Usimwinue, Shreya." Hakuwahi kumwita hivyo, bila madam. "Ukiinua tutakuwa wawili hapa chini, na yeye juu yetu. Toa mikono. Chukua hii."

Shreya akatoa mikono. Akaipokea ile sari. Ba aliona.

"Hii yangu," Ba akasema polepole. "Hii mimi vaa kwa harusi ya Shreya. Mimi nilimpa Atieno. Mimi fikiri anaenda vaa kanisani."

"Alikushonea wewe, Ba. Si shuka. Si nyeupe, na si ya kwenda chini. Unakubali?"

Miguu ya Ba ikateleza tena, upana wa vidole viwili. Aliitazama sari. Kisha, taratibu, aliutoa mkono wake wa kulia kwenye bega la Shreya, ambako ulikuwa umeshaanza kutafuta shingo, akauweka juu ya kifua chake mwenyewe.

"Fanya," akasema.

Perez aliongea na dari, akipiga maneno mafupi kama misumari. Kidevu kifuani, Ba. Shreya, msukume bega, alale ubavu, sukuma kwa kiganja, usivute kwa vidole. Kunja sari, iingize chini yake kuanzia mabega mpaka mapajani. Mrudishe. Toa upande wa pili. Sasa zunguka kitanda. Goti moja juu ya godoro. Shika vishikio karibu na mwili wako. Mgongo wima. Usivute kwa mikono. Ukisikia tatu, keti nyuma, kama unaketi kwenye kiti. Basi.

"Na upande wa miguu?" Shreya akauliza. Alikuwa anahema. "Nani atashika?"

Vishikio viwili vya upande wa Perez vilining'inia ukingoni, sentimita chache juu ya uso wake. Alijaribu kuinua bega. Maumivu yakamrudisha chini.

"Wewe keti nyuma tu," akasema. "Moja. Mbili. Tatu."

Sari ikateleza. Ilifanya sauti ndogo, kama maji yanayorudi kutoka ufukweni, na Ba akaenda. Mabega na nyonga vilikwenda sawasawa, bila kupinda, bila kukwama, mpaka miguu ikapanda juu ya godoro na kichwa kikalala kwenye mto. Perez, kutoka chini, aliviona vile vishikio viwili vikinyanyuka, vikinyooka, vikitangulia kitandani. Harufu ya mnanaa ikapita juu ya uso wake.

Ba alikuwa analia bila sauti.

"Ni rahisi," Shreya akasema, akishangaa mikono yake. "Sikuvuta hata. Lakini Perez, wewe ni mkaidi. Umeniambia niketi nyuma, halafu wewe umesimama ukasukuma miguu. Na mgongo huo."

Perez alikuwa bado amelala chali. Hakuwa ameinua hata kisogo.

"Piga simu kwa Waswa wa bustani afungue geti," alisema. "Nahitaji gari."

*

Daktari alisema ni misuli iliyokaza na kipingili kilichokaribia kuhama lakini hakikuhama. Alisema wiki moja zaidi ya kubeba vile na wangekuwa wanaongea mambo mengine. Perez alilala siku chache, kisha akaanza kutembea kidogo kidogo kama alivyoagizwa, kutoka kitandani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kwa muuza mboga. Sheryl alimsaidia kuvaa viatu na hakufanya mzaha wa rula.

Aliporudi Milimani baada ya wiki tatu, Waswa mtunza bustani alikuwa ameshaweka magogo manne chini ya miguu ya kitanda cha mvule, kila gogo limechongwa shimo ili mguu usiteleze. Kitanda kilikuwa kimefika usawa wa nyonga. Ba alilalamika kwamba sasa amelala kama mtu aliye kwenye rafu ya duka. Lakini alilalamika akiwa ameshakunja goti lake zima na kushusha kidevu, tayari.

Shreya alisimama upande mmoja, Perez upande mwingine. Sari ya kijani ilikuwa imefuliwa na Shreya mwenyewe kwa mkono. Miezi iliyofuata Sheryl angekuja kwa masaa yake ya mafunzo, na sheria ya chumba ilikuwa moja, na aliyeitangaza alikuwa Ba: shingo hapana.

Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Perez alitanguliza mguu mmoja, akakunja magoti, akashika vishikio vilivyoshonwa mara tatu. Akasubiri. Alijua kwamba angejibu safari hii, mbele ya Shreya na bila aibu. Alikuwa amelifanyia neno hilo mazoezi njia nzima kutoka Manyatta. Nimekuja.

Hakuna aliyeita.

"Moja," akasema Shreya. "Mbili. Tatu."

Ba akateleza mpaka ukingoni, wakamketisha, wakamgeuza, wakamweka kwenye kiti bila mtu kuguna. Perez akasimama wima. Hakuhitaji ruhusa. Kisha akageuka, kwa miguu, si kwa kiuno, akatazama mlango wa bafu. Taulo ilikuwa kwenye msumari wake. Maji yalidondoka tone moja.

"Ba," akauliza kwa sauti ya chini, Shreya alipotoka kwenda kuleta chai. "Ameondoka?"

Bibi aliweka miwani yake sawa. Alitazama mlangoni kwa muda mrefu, kisha macho yake yakashuka, yakashuka zaidi, mpaka yakafika kwenye kistuli kidogo cha plastiki kilichokuwa karibu na beseni.

"Hapana," akasema. "Ameketi."